Papa yuko kwenye mshipi na bahari imechafuka: nani mwenye haki ya kusema "kata"?

Maalim wa Kaskazini Pemba

Assalamu alaykum, wakubwa zangu na wenzangu. Mimi ni mwalimu wa skuli kaskazini mwa Pemba, na kila likizo ya Disemba hutoka baharini na ami yangu, ambaye ni nahodha wa boti ya mbao yenye urefu wa mita 7 na mashine moja ya nguvu za farasi 15. Tunavua papa kwa dhulumati, yaani ule mshipi mrefu wa ndoana nyingi unaotegwa wakati wa magharibi, jua likizama, na kuvutwa alfajiri. Swali langu linatokana na safari moja ya Disemba iliyopita, nami nitaieleza yote, kwa sababu bila ya maelezo hayo jibu litakosa msingi.

Tulikuwa watu wanne: ami, mabaharia wawili na mimi. Tulitega ndoana 70 ukingoni mwa mwamba, kaskazini-magharibi ya Ras Kigomasha, mahali ambapo kina kinaanza kuporomoka kuelekea maji makuu yaliyo kati ya kisiwa chetu na bara. Chambo kilikuwa mkunga na vipande vya jodari. Usiku tulirudi kulala nanga kwenye kivuli cha kisiwa, na hapo ndipo tulipodanganyika, kwani upande ule maji yalikuwa yametulia ilhali nje upepo wa kaskazi ulikuwa unapanda. Tulipoliacha ras nyuma yetu alfajiri tulikuta mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanafuatana bila ya kutoa nafasi, na vilele vyake vinapasuka povu. Ami alitazama mnara wa taa, akatazama boya letu, akasema tuvute haraka turudi.

Ndoana ishirini za mwanzo zilitoa papa wadogo wawili na taa mmoja, yule samaki bapa. Kisha mshipi ukawa mzito, ukaanza kwenda chini kwa mikupuo. Alikuwa papa chui, na nilipomwona chini ya maji nilikadiria kwamba urefu wake unapita nusu ya chombo chetu. Mikono ya mabaharia ilikuwa imechanika, kwa hiyo ami akaamuru mshipi ufungwe kwenye ringi ya tezi, yaani nyuma ya chombo, ili wapumzike kidogo. Papa akazama. Tezi ikavutwa chini kwa wakati uleule ambao wimbi lilikuwa linafika, maji yakaingia juu ya mashine, mashine ikazimika, na chombo kikageuka kikawekwa ubavu kwa mawimbi. Nilikuwa na kisu mkononi. Nilimtazama ami, naye akanikataza kwa kichwa, kwa sababu ile dhulumati si mali yetu. Ni ya tajiri aliyetukopesha, na deni lake bado halijalipwa. Tulifua maji kwa upo, yaani kile chombo cha kuchotea maji, na kwa ndoo, wimbi la pili likaingia, la tatu likaingia, na tuliokoka kwa sababu moja tu: waya wa ile ndoana ulikatika wenyewe. Tulipiga makasia tukasukumwa hadi kwenye kivuli cha kisiwa, tukafika nyumbani baada ya adhuhuri.

Simlaumu ami yangu hata kidogo; amenilea na amenifundisha bahari. Lakini tangu siku ile najiuliza: ni dalili gani inayotosha kuachia mshipi wenye papa, na ni nani chomboni mwenye haki ya kulisema neno hilo? Wazee wetu walilitatua vipi?

Nahodha Mstaafu, Kojani

Wa alaykumu salaam, mwanangu maalim. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili na moyo wangu ukawa unanidunda, kwa sababu mambo hayo niliyaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na mara moja kati ya hizo tulirudi pungufu. Nilikwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi ugenini, kwa miaka mingi, Vanga na Shimoni upande wa Kenya, Tanga na visiwa vyake upande wa bara, kwa jarife, ule wavu mkubwa wa papa, na kwa dhulumati, wakati ambapo ini la papa lilichemshwa likatoa sifa, yaani mafuta ya kupaka mbao za vyombo na nyama yake ikakaushwa kwa safari ndefu. Nitakueleza ninayoyajua kwa mpangilio wa hatari ilivyokuja, maana papa ndiye aliyekuwa wa mwisho katika hatari zenu.

Kwanza ni yale mawimbi yaliyosimama wima. Mkondo wa bahari kwenye Mlango wa Pemba huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, ule upepo utokao kusini, upepo na mkondo huenda njia moja, kwa hiyo bahari huwa kubwa lakini mawimbi yake ni marefu, na chombo kidogo hupanda na kushuka kama mtu anayepanda kilima. Wakati wa kaskazi, upepo hushuka kutoka kaskazini na kukutana uso kwa uso na mkondo, nayo maji husukumana mpaka yakasimama. Ndiyo maana upepo wa nguvu ileile unaovumilika Julai unaweza kukuzamisha Disemba, ukiwa mahali palepale. Vijana wengi huulinganisha upepo na upepo, wakasahau kuuliza maji yanakwenda wapi.

Pili ni kile kivuli cha kisiwa. Mtu aliyelala nanga chini ya Kigomasha hasikii kaskazi hata kidogo. Sisi tulikuwa na desturi ya kumpeleka mtu mmoja usiku, ama kwa kutembea pwani ama kwa ngalawa, akaitazame bahari ya nje kabla ya nahodha kutoa amri ya kung'oa nanga. Siku hizi mna simu, nanyi mnaweza kumpigia mtu aliye upande wa pili wa ras, mpigieni.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha swali lako, mshipi wenye uzito haufungwi tezi. Haufungwi tezi hata kwa dakika moja, hata bahari ikiwa shwari. Tezi imebeba mashine na mtu anayeiongoza, na ubao wake umekatwa chini ili mashine ikae, kwa hiyo hiyo ndiyo sehemu ya chombo iliyo karibu zaidi na maji. Ukifunga hapo unamgeuza papa kuwa nanga, na unaikabidhi kwa mawimbi sehemu ambayo haikuundwa kuyapokea. Mshipi huvutwa kupitia omo, yaani mbele ya chombo. Papa akizama, omo huinama kidogo kisha huinuka, na chombo chenyewe hugeuka kuyatazama mawimbi bila ya kuelekezwa. Mikono ikichoka, mshipi hupewa mzunguko mmoja na nusu kwenye gogo la omo, mtu akashika ncha kwa mkono. Hapana fundo. Fundo lililokazwa na papa halifunguliki.

Nne ni jambo ambalo naona halikutajwa kwenu: kuachia si lazima kuwe kupoteza. Tulikuwa na boya la akiba omoni, limefungwa kamba fupi yenye ndoana kubwa butu isiyo na ncha. Hali ilipochafuka, tuliipachika ndoana ile kwenye mshipi, tukautupa wote baharini, tukazishika alama mbili za nchi kavu, kwa mfano mnara wa taa ukiwa sawa na mnazi mrefu fulani, na kilima nyuma ya msikiti, kisha tukaondoka. Bahari ilipotulia, siku ya pili au ya tatu, tulirudi. Mara nyingi tuliikuta dhulumati ipo, na papa amekufa juu yake. Ninyi mna vipimo vya mahali kwenye simu, ambavyo ni bora kuliko mnazi wangu, kwa hiyo sababu ya kung'ang'ania imepungua.

Kuhusu mwenye neno, nitakueleza kama nilivyolelewa. Neno la mwisho ni la nahodha, na chombo chenye manahodha wawili hakifiki. Lakini lipo jambo moja ambalo nahodha hakuachiwa peke yake, nalo ni maji yaliyomo ndani. Nahodha anatazama wimbi, anatazama mshipi, anamtazama papa, hatazami miguuni. Anayetazama miguuni ni yule mwenye upo, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. Babu yangu aliweka sharti chomboni mwake kwamba mwenye upo akiona maji yamefunika mataruma ya chini, yaani mbavu za chombo, na hayapungui kwa kufua, atapiga kelele "yamefunika!", na kelele hiyo ikishatoka hakuna majadiliano, mshipi unaachiwa. Nahodha hakuwa na ruhusa ya kumuuliza mara ya pili. Sharti hilo liliwekwa nchi kavu, kabla ya safari, mbele ya watu wote, kwa sababu wimbi la pili likishaingia hakuna mtu mwenye akili ya kupima. Maji yaliyomo ndani ya chombo hukimbilia upande ule chombo kinapolala, yakakiongezea uzito wa kulala zaidi, na kuanzia hapo hata baharia hodari hana la kufanya.

Mwambie ami yako nimemsalimu sana. Aliyewarudisha watu wanne kwa makasia katika hali ile ni baharia wa kweli.

Kijana wa Nungwi

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba niseme jambo kwa upande wetu tunaoishi kwa kazi hii mwaka mzima. Mtu akisubiri bahari itulie kabisa hatavua papa. Maji yakiwa shwari na mwezi ukiwa mpevu, sisi huvuta ndoana tupu. Maji yakichafuka kidogo na kuwa na giza, papa husogea karibu na mwamba na kula. Kwa hiyo tunatoka tukijua kwamba tutalowa. Nina wasiwasi kwamba sharti la mwenye upo, akiwa ni mtoto mwenye hofu, litatufanya tuachie mshipi kila safari. Pia kurudi siku ya pili kunagharimu petroli, na petroli ya kwenda na kurudi mara mbili inaweza kumeza faida yote ya papa mmoja.

Nahodha Mstaafu, Kojani

Mwanangu wa Nungwi, umesema kweli kuhusu kuchafuka kidogo, na mimi pia nilitoka katika hali hiyo. Ndiyo maana sharti halikusema "mwenye upo akiogopa". Lilisema maji yakifunika mataruma na yasipungue. Hicho ni kipimo cha mbao, mtoto na mzee wanakiona sawasawa. Nanyi mnaotoka Nungwi mnapita mahali ambapo maji yanayotoka baina ya miamba hukutana na mawimbi ya nje. Nakuomba uzipange saa zako ili wakati wa kurudi maji yawe yanajaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa kuwa tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4 na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ileile. Nimeona chombo kilichovuka bahari kubwa salama kikipinduliwa mlangoni, nyumba zikionekana.

Mwenye Chombo, Vanga

Mwanangu maalim, mimi ni mama mwenye chombo na mitego, si mvuvi. Marehemu mume wangu aliniachia boti moja, nami nikaongeza ya pili, na wageni wa dago kutoka Pemba wamekuwa wakivua kwangu tangu enzi za mama mkwe. Nimesita kuandika, lakini naona kila mtu amezungumzia omo na tezi, na hakuna aliyezungumzia lile lililomzuia ami yako mkono, nalo ni deni.

Kwetu pato la safari hugawanywa baada ya kutoa gharama za petroli, barafu na chambo: fungu la chombo, fungu la mtego, na mafungu ya mabaharia, nahodha akipata zaidi kidogo. Mtego ukipotea, wenye vyombo wengi humwandikia nahodha deni, naye hulilipa safari baada ya safari kutoka kwenye fungu lake. Naijua hesabu hiyo kwa sababu mimi mwenyewe niliitumia. Niliona ni haki, kwani bila ya hivyo, nilidhani, watu wangetupa mitego yangu ovyo.

Mwaka mmoja nahodha wangu alirudi na mbavu mbili zimevunjika. Alikuwa ameushika mshipi wa papa mpaka chombo kikajaa, akapigwa na ukingo wa boti kilipolala. Nilipokwenda kumtazama nyumbani kwake, mke wake hakunisema vibaya. Alinikaribisha, akanipa maji, kisha akaniuliza kwa upole kama ile dhulumati imepatikana. Sikulala usiku ule. Niliona kwamba nilikuwa nimekaa kwenye boti ile pamoja nao, nikiwa nimemshika nahodha mkono asikate, ingawa mwili wangu ulikuwa jikoni.

Nilibadilisha makubaliano, tukayaandika na kuyasoma mbele ya wazee wawili. Mtego ulioachiwa kwa sababu ya hali ya bahari ni hasara ya fungu la mtego, si ya nahodha, na mabaharia watakaonieleza kwa kauli moja wanaaminika. Kila safari natenga sehemu ndogo ya fungu hilo kwa ajili ya kununua kamba na ndoana mpya. Kwa yule kijana wa Nungwi nasema kwamba petroli ya kuurudia mtego pia hutoka humo. Ningependa kukwambia kwamba sijawahi kudanganywa, lakini nadhani safari moja nilidanganywa. Hasara ile ilikuwa ya kamba. Nimeikubali.

Kwa hiyo, maalim, hata mkipewa dalili zote za kujua wakati wa kuachia, ami yako hataachia iwapo kila ndoana inayozama anaiona kuwa ni chakula cha watoto wake kwa mwezi mzima. Wa kuzungumza naye kwanza ni yule tajiri.

Afisa Uvuvi Mstaafu, Tanga

Ndugu maalim, nitaongeza machache ambayo kazi yangu ilinilazimisha kuyajua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na angalizo lake mara nyingi hutaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Wavuvi wengi huisoma ile mita 2 kama kikomo, ilhali sicho. Urefu unaotajwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo katika saa kadhaa za kuvuta mshipi mnaweza kukutana na wimbi moja linalokaribia maradufu yake. Boti ya mita 7 iliyopakia watu wanne, mtego na samaki hubakiwa na ubavu mfupi sana juu ya maji. Angalizo hilo likitolewa, dhulumati ibaki ndani, na kama imeshategwa ibaki chini.

Majaketi okozi yavaliwe, yasikaliwe. Nimeona mara nyingi yakitumika kama mto wa kuegemea, na chombo kikipinduka hubaki chini yake. Mashine ikizimika hakuna wa kuwasaidia kama hakuna aliye nchi kavu anayejua mlikwenda wapi na mlitarajia kurudi saa ngapi. Mwachieni mtu mmoja habari hizo, naye akiona muda umepita awajulishe KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambao wana vyombo vya uokozi kwa upande wa Zanzibar.

Jambo la mwisho ni kuhusu samaki mwenyewe, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nililishuhudia likibadilika. Nilipoanza kazi, pingusi, wale papa wenye kichwa kama nyundo, walishushwa ufukweni kwa wingi. Nilipostaafu, wavuvi waliitana kuja kumwona mmoja. Papa huzaa wachache na huchukua mimba muda mrefu, kwa yule chui zaidi ya mwaka, kwa hiyo wakivuliwa wazazi hawarudi upesi. Pingusi waliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013, na mwaka 2022 ikaongezwa familia nzima ya papa ambao ndio wengi kwenye mitego yetu, na sasa mapezi yao hayavuki mpaka bila ya kibali. Pezi lililowafanya wavuvi wa zamani wahatarishe roho haliuziki tena kwa urahisi ule. Nyama inabaki, nayo ni chakula chetu, lakini thamani yake ukiipima dhidi ya watu wanne waliowekwa ubavu kwa mawimbi, mimi sioni hesabu inayolingana. Kama mnaweza, punguzeni ndoana ziwe 30. Mshipi mfupi huvutwa kwa nusu ya muda, na nusu hiyo ya muda ndiyo iliyowakosa siku ile.

Maalim wa Kaskazini Pemba

Wakubwa zangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Ami hasomi kwenye simu, kwa hiyo jana baada ya magharibi nilimsomea majibu yote barazani, na mabaharia wawili walikuwepo. Kwa salamu za nahodha wa Kojani aliinamisha kichwa, akasema babu wa mtu huyo lazima alisafiri na watu aliowapenda. Ringi ya tezi tumeing'oa leo asubuhi. Fundi ameahidi kuweka gogo omoni wiki ijayo, na boya la akiba tayari lina kamba yake. Tumekubaliana ndoana 35, kwa kuwa mabaharia waliona 30 ni chache mno, na mwenye upo atakuwa mimi.

Niliposoma maneno ya mama wa Vanga, ami alinyamaza. Nilidhani amechoka, nikataka kuendelea na mengine, lakini akaniomba nirudie ile sehemu ya mke wa nahodha aliyeuliza kama dhulumati imepatikana. Nikairudia. Leo baada ya sala ya Ijumaa amevaa kanzu yake nyeupe na amekwenda kwa tajiri, na mpaka ninapoandika hajarudi.